Kutembea Naweza, Kusimama Siwezi: Niliyojifunza Katika Bustani ya Burudani

Binti yangu aliponiuliza kama nitaimudu safari ya kuwapeleka wajukuu kwenye bustani kubwa ya burudani, nilimjibu bila kusita kwamba nitaimudu, kwa sababu asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetembea kwa nusu saa nzima na kurudi nyumbani bila kulazimika kuketi njiani. Sikumdanganya. Tatizo ni kwamba sote wawili tulikuwa tunazungumzia kutembea, ilhali kinachomaliza nguvu zaidi katika bustani za namna hiyo ni kusimama: kusimama mahali pamoja, kusogea hatua mbili, kisha kusimama tena, katikati ya vyuma vya kupangia foleni, pasipo mahali pa kuketi wala njia rahisi ya kutoka. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa vibaya, na mara ya pili, miezi mitano baadaye, nilikaa hadi fataki za usiku. Ninaeleza safari zote mbili kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi, anaonekana mzima anapotembea, lakini akisimama dakika kumi huanza kutafuta ukuta wa kuegemea.

Nina umri wa miaka 59. Miaka minne iliyopita daktari aliniambia kwamba mfereji wa uti wa mgongo wangu umesinyaa katika sehemu ya kiuno. Ndani ya mfereji huo hupita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, na nafasi yake huzidi kubana mtu anapojinyoosha wima, kisha hufunguka kidogo anapoinama mbele au anapoketi. Ndiyo maana mtu mwenye hali hii anaweza kusukuma kigari cha bidhaa kwa muda mrefu akiwa amekiinamia, au kuendesha baiskeli bila taabu, lakini akisimama wima kwenye foleni fupi akahisi kiuno kinawaka moto, miguu inakufa ganzi na magoti yanataka kujikunja yenyewe. Wengine hufika hapohapo kwa njia tofauti. Wapo ambao mapigo ya moyo huongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 za kusimama, wakapata kizunguzungu na hata kuzimia. Wapo wenye maumivu ya magoti, wenye miguu ya bandia, wenye ugonjwa wa mapafu, na waliotoka kufanyiwa upasuaji. Kila mmoja ana daktari wake na dawa zake, lakini foleni inayotusumbua ni moja.

Maandalizi yangu ya mara ya kwanza yalikuwa ya mtu mwenye afya. Nilisoma ramani ya bustani ili kujua michezo ambayo wajukuu wangeipenda, nikaangalia hali ya hewa, nikanunua viatu vyenye soli nene. Sikusoma maelezo ya wageni wenye ulemavu, kwa kuwa moyoni sikujihesabu miongoni mwao. Bustani nyingi kubwa huchapisha mwongozo unaoeleza mchezo mmoja mmoja: kama mgeni anaweza kubaki kwenye kiti chake cha magurudumu, kama ni lazima ahamie kwenye kiti cha mchezo, kama kuna ngazi, na ni hali zipi za kiafya zinazomzuia mtu kupanda. Mwongozo wa bustani tuliyokwenda ulipatikana bure na ulikuwa na majibu ya karibu kila jambo lililonikwaza siku ile. Niliusoma usiku, wakati siku ilikuwa imekwisha kuharibika.

Mume wangu alikuwa amependekeza tukodi kiti cha magurudumu. Nilikataa, tena kwa ukali ambao hakuustahili. Nilihisi kwamba nikikikalia kiti kile mbele ya wajukuu nitakuwa nimekubali jambo ambalo bado sikuwa tayari kulikubali, na kwamba kuanzia siku hiyo watanikumbuka nikiwa ndani yake. Nilisema pia kwamba viti hivyo ni vya watu wasioweza kutembea kabisa, na kwamba kuchukua kimoja ni kumnyima anayekihitaji zaidi. Sababu hiyo ya pili ilinituliza dhamiri, lakini haikuwa ya kweli. Viti vya kukodi huwekwa kwa ajili ya yeyote anayevihitaji, na wapo wengi wanaovitumia huku wakiweza kusimama na kupiga hatua kadhaa. Badala ya kiti, nilibeba kigoda chepesi cha kukunja, nikiamini kwamba nitakifungua kila foleni itakaposimama.

Kigoda hicho hakikuvuka lango. Mkaguzi wa mizigo alinieleza kwa adabu kwamba viti vya kukunja haviruhusiwi ndani, na kwa kuwa gari letu lilikuwa mbali, ilibidi mume wangu akirudishe huku sisi tukimsubiri tukiwa tumesimama. Kanuni za namna hii hutofautiana kati ya bustani na bustani, na inafaa kuuliza kwa maandishi siku kadhaa kabla ya safari, kisha kuhifadhi jibu kwenye simu ili uweze kulionyesha. Jambo jingine ambalo sikulitarajia ni kwamba foleni zilianza kabla ya bustani yenyewe. Kulikuwa na foleni ya kukaguliwa mizigo, foleni ya kubadilisha tiketi, na foleni ya lango. Nilipoingia ndani nilikuwa nimekwisha kusimama kwa zaidi ya nusu saa, na bado sijaona mchezo hata mmoja.

Mchezo wa kwanza ulikuwa na ubao ulioonyesha dakika 45 za kusubiri. Mjukuu wangu mkubwa, mwenye miaka tisa, alikuwa ameungoja kwa wiki nyingi, na sikutaka niwe sababu ya kuuahirisha. Dakika kumi za kwanza nilizipita kwa kuegemea vyuma vya pembeni na kuinama mbele kana kwamba nafunga kamba za viatu. Baadaye njia iliingia ndani ya jengo, ikawa nyembamba, na vyuma vikabadilishwa na kuta laini zisizo na mahali pa kushika. Kila foleni iliposogea, watu walikuwa mbele na nyuma yangu kwa ukaribu kiasi kwamba nisingeweza kugeuka bila kuwaomba watu hamsini wanipishe. Nilipofika kama dakika ya ishirini na tano, mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kutoka pajani hadi kwenye vidole. Nilichuchumaa. Mtu aliyekuwa nyuma yangu alidhani nimeangusha kitu na akaanza kunisaidia kukitafuta.

"Bibi, umechoka?" mjukuu wangu aliniuliza.

Nilimwambia hapana. Tulipofika mahali pa kupandia, mhudumu alinitazama namna nilivyoegemea bega la mume wangu, akaniuliza kama nina tatizo la mgongo, kisha akanionyesha kwa mkono ubao uliokuwa ukutani. Uliandikwa kwamba watu wenye matatizo ya mgongo, shingo au moyo, pamoja na wajawazito, hawapaswi kupanda. Ubao kama huo ulikuwepo pia kwenye mlango wa kuingilia foleni, na niliupita bila kuusoma kwa kuwa macho yangu yalikuwa yakitafuta mahali pa kuketi. Nilikuwa nimesimama dakika zote zile, nimejiumiza kiasi kile, kwa ajili ya mchezo ambao tangu mwanzo haukunifaa.

Siku iliyobaki sitaieleza kwa kirefu. Niliketi juani kwenye benchi lisilo na egemeo, nikameza kidonge cha maumivu kabla ya saa yake kufika, jambo ambalo halikupaswa kufanyika na lililonitia kizunguzungu, na ilipofika saa nane mchana tuliondoka wote kwa sababu binti yangu hakutaka kuniacha peke yangu. Tulipoteza tiketi sita za siku nzima. Nililala kitandani siku mbili, na nililazimika kurudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa wiki tatu. Lililoniuma kuliko fedha ni mjukuu wangu mkubwa kuja chumbani jioni ile na kuniomba radhi, kwamba ni yeye aliyetaka mchezo ule. Kwa kumficha maumivu yangu nilikuwa nimemwachia mtoto abebe lawama isiyo yake.

Wazo la kurudi lilikuwa la binti yangu, na nilikubali kwa sharti moja: safari hii tuanze na mwili wangu, kisha ndipo tuifikie ramani. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia nijipime kwa saa. Kwa wiki moja nilipima muda ninaoweza kusimama bila kuegemea kitu, muda ninaoweza kutembea, idadi ya ngazi ninazoweza kupanda nikiwa nimeshika kizuizi, na urefu wa kiti cha chini kabisa ninachoweza kuinuka kutoka kwacho bila kuvutwa. Matokeo yalikuwa dakika 9 za kusimama, dakika 30 za kutembea, ngazi 12, na sentimita 40. Kwa miaka minne nilikuwa nikiwaambia watu kwamba "mgongo unanisumbua kidogo", na namba hizo nne ziliwafahamisha mambo ambayo maneno yale hayakuwahi kuwafahamisha. Kama kuna jambo moja tu ambalo ningemwomba msomaji alifanye kabla ya kununua tiketi, ni hilo la kujipima, tena afanye hivyo katika siku ya kawaida, asichague siku ambayo mwili umeamka vizuri.

Namba hizo zilinisaidia zaidi nilipoandika kuomba huduma. Wafanyakazi wa ofisi za wageni si madaktari, na jina la ugonjwa haliwaambii wafanye nini. Niliandika kwamba siwezi kusimama zaidi ya dakika 9, kwamba naweza kutembea hatua kadhaa hadi kwenye kiti cha mchezo, na kwamba naweza kushuka ngazi chache kwa msaada wa kizuizi. Jibu lilikuja siku ya pili likiwa na orodha ya michezo inayonifaa na maelezo ya mlango wa kutumia katika kila mmoja. Katika bustani nyingi utaratibu wa kawaida ni kupewa saa ya kurudi: foleni ikiwa ya dakika 50, unaambiwa urudi baada ya muda unaokaribia huo, na wakati huo unaketi mahali popote unapotaka. Watu wengine hudhani huo ni upendeleo wa kuruka foleni. Ukweli ni kwamba unasubiri muda uleule kama wao, ila unasubiri ukiwa umeketi.

Si kila bustani hutoa utaratibu huo kwa mtu asiyeweza kusimama, na hilo linapaswa kufahamika mapema. Bustani za Disney nchini Marekani zilianzisha mpango wao wa saa za kurudi mwaka 2013, lakini mwaka 2024 zilibadilisha masharti ili uwalenge hasa wageni wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, na mgeni ambaye shida yake ni miguu kwa kawaida huelekezwa kutumia kiti cha magurudumu au skuta ya umeme ndani ya foleni ya kawaida. Bustani nyingine hutaka barua ya daktari au kitambulisho cha ulemavu, nyingine humtaka mgeni ajiandikishe kwenye intaneti siku kadhaa kabla, na nyingine huridhika na maelezo ya mdomo. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita, hata awe mkweli namna gani, usiutegemee bila kuuhakiki.

Nilikubali kiti cha magurudumu. Nilisumbuka zaidi kuchagua aina yake. Skuta ya umeme humpa mtu uhuru wa kwenda atakako bila kumchosha mwenzake, na kwa mtu anayetembelea bustani peke yake nadhani ndiyo bora, lakini ni ghali zaidi kukodi, inahitaji ujuzi wa kuiongoza katikati ya watoto wanaokatiza bila kutazama, na katika baadhi ya foleni za zamani haipiti, hivyo hulazimika kuiegesha nje na kutembea. Kigari cha kuegemea chenye magurudumu manne na kiti chake kidogo kinamfaa sana mwenye hali kama yangu, kwa sababu humfanya ainame mbele, ila kiti chake hakifai kusukumwa mtu akiwa amekikalia. Nilichagua kiti cha kawaida cha kusukumwa, nikabeba na fimbo yangu. Viti vya bustani yenyewe hukodishwa kwa atakayewahi, na siku zenye watu wengi huweza kwisha mapema. Isitoshe, mara nyingi hutolewa ndani ya lango na hurejeshwa hapohapo, maana yake safari ndefu kutoka kwenye maegesho haina msaada wowote asubuhi, na jioni ukiwa umechoka zaidi, bado unaingoja. Kwa sababu hiyo tulikodi kwa mtu wa nje, tukakichukua usiku wa kuamkia safari. Anayesafiri kwa ndege na skuta yake mwenyewe alijulishe shirika la ndege mapema kuhusu aina na nguvu ya betri, kwa kuwa betri za lithiamu zina mipaka yake kwenye ndege.

Nusu saa ya kwanza ndani ya kiti ilikuwa ngumu. Kichwa changu kilikuwa usawa wa viuno vya watu, mikoba ilinigonga usoni, na mhudumu wa lango la kwanza alimuuliza mume wangu, "Anaweza kutembea huyu?" Mume wangu alimjibu kwa upole, "Yuko hapa, muulize mwenyewe." Nilimshukuru, kwa sababu mimi nilikuwa nimenyamaza. Baadaye, katika mchezo mmoja wa mashua, nilipoinuka kutoka kwenye kiti na kupiga hatua tano hadi kwenye mashua, nilisikia mtu nyuma yangu akimwambia mwenzake kwamba kumbe mtu huyu ni mzima. Moyo uliniuma. Nilitamani kugeuka na kumweleza habari ya mfereji wa uti wa mgongo, lakini ningekuwa nimetumia dakika mbili kati ya zile tisa, na nilizihitaji kwa kazi nyingine.

Kuhama kutoka kwenye kiti hadi kwenye mchezo ni jambo la kufanyiwa mazoezi nyumbani. Kwa kawaida wahudumu hawaruhusiwi kumbeba wala kumwinua mgeni. Watashika kiti, watasimamisha mkanda wa sakafuni unaosogea mahali pa kupandia au kupunguza mwendo wake mahali inapowezekana, lakini mwili unapaswa kuhamishwa na mwenyewe au na mwenzake aliyekuja naye. Funga breki zote mbili kwanza, kunja sehemu za kuwekea miguu, sogea hadi ukingo wa kiti, ndipo uinuke. Nchini Marekani, viwango vya mwaka 2010 vya kuwawezesha watu wenye ulemavu kufikia huduma, ambavyo vilianza kutumika rasmi tarehe 15 Machi 2012 vinataka michezo mipya iwe na nafasi ya kiti cha magurudumu, au kiti cha kuhamia, au kifaa cha kumsaidia mtu kuhama, na kiti hicho cha kuhamia kinapaswa kuwa na kimo cha kati ya sentimita 36 na 61 hivi kutoka sakafu ya kupandia. Michezo iliyotangulia viwango hivyo haikulazimika kubomolewa. Bustani ya Disneyland, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1955, na mtu akikumbuka umri wa bustani za namna hiyo, ataelewa kwa nini mchezo maarufu unaweza kuwa na ngazi ilhali ule wa jirani yake hauna. Kwangu mimi sentimita zilikuwa na maana kubwa. Mashua niliyoipanda ilikuwa chini kuliko zile 40 nilizozipima, na niliinuka kutoka ndani yake kwa kuvutwa na binti yangu mbele na kusukumwa na mume wangu nyuma. Ningeuliza mapema kimo chake, ningeiacha.

Wahudumu waliniuliza mara tatu kama ninaweza kushuka ngazi. Mara ya kwanza nilikaribia kuudhika, nikidhani wanatilia shaka maelezo yangu, hadi mmoja akanifafanulia kwamba mchezo ukisimama ghafla, abiria huweza kuteremshwa kwa njia za dharura zenye ngazi, na wanahitaji kujua mapema nani atahitaji watu wa kumsaidia. Lijibu swali hilo kwa ukweli kamili, hata kama jibu litakunyima mchezo mmoja.

Kuhusu michezo yenyewe, niliondoa kwenye orodha kila kinachotikisa, kudondosha au kuzungusha kwa nguvu, zikiwemo zile kumbi za sinema ambazo viti vyake husukasuka kufuata picha, ambazo kwa nje huonekana za utulivu. Zilibaki treni ya kuzunguka bustani, mashua za mwendo wa pole, maonyesho ya jukwaani, gurudumu kubwa, na ile bembea ya farasi wa mbao, ambayo mara nyingi huwa na benchi lisilopanda wala kushuka kwa ajili ya wasioweza kumpanda farasi. Niliketi kwenye benchi hilo na mjukuu wangu mdogo, na kwa dakika chache sikuwa mgeni mwenye hali maalumu. Nilikuwa bibi anayezunguka na mjukuu wake. Nilifikiria bustani ya Morgan's Wonderland iliyofunguliwa mwaka 2010 huko San Antonio, Texas, ambayo tangu mwanzo ilijengwa kwa kuwafikiria watu wenye ulemavu, ambako mtu huweza kupanda bembea hiyo akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na ambako wenye ulemavu huingia bila malipo. Kama kuna bustani moja iliyoweza, basi mengi yanayotukwaza kwingineko yanatokana na maamuzi ya waliochora ramani, nasi tuna haki ya kuyalalamikia kwa barua zenye maelezo ya kutosha.

Kitu kilichookoa mchana wangu ni chumba cha huduma ya kwanza. Bustani kubwa huwa nacho, na wengi hudhani ni cha walioanguka au kuzimia tu. Ilipofika saa saba nilimweleza muuguzi kwamba nahitaji kulala chali nikiwa nimekunja magoti kwa muda mfupi, akanipa kitanda nyuma ya pazia kwa nusu saa. Kukaa nako huchosha mgongo, na hata kiti cha magurudumu huumiza kikikaliwa saa nyingi bila mto; wetu tulikuwa tumeusahau chumbani, na tulitumia sweta lililokunjwa badala yake. Muuguzi pia aliniambia kwamba wangeweza kunihifadhia dawa inayohitaji baridi, kama ningekuwa nayo.

Familia yangu tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba tutagawanyika. Binti yangu alikwenda na watoto kwenye michezo ya kasi, mume wangu alipumzika nami kivulini, kwa maana yeye naye ana umri na mikono yake ilikuwa imechoka kwa miinuko. Hilo nalo tulilikosea kidogo: hatukuwa tumepanga mtu wa kupokezana naye kusukuma, na kwenye mteremko mmoja mrefu kiti kilimponyoka kwa hatua mbili kabla ya kukidhibiti. Tangu hapo tuliteremka kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini, na tukakubaliana kwamba binti yangu achukue zamu kwenye kila mwinuko.

Usiku, katika sehemu iliyotengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, tulifika saa nzima kabla ya fataki. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu nafasi zilijaa, na mwenye kukaa nyuma ya watu waliosimama haoni chochote isipokuwa migongo yao. Zilipokwisha, maelfu ya watu waligeuka kuelekea lango kwa wakati mmoja. Sisi tulibaki tumeketi kwa dakika arobaini, tukala kilichobaki kwenye mfuko, hadi njia ikawa nyeupe.

Asubuhi iliyofuata kiuno kiliniuma, kwa hiyo nilitembea dakika 15 badala ya 30. Mjukuu wangu mkubwa alinifuata akiwa bado na usingizi machoni, akaniuliza dakika zangu za kusimama ni ngapi siku hiyo. Nilimwambia labda sita. Akatazama saa, na tulipofika kwenye kivuko cha barabara akanionyesha ukuta mfupi wa kuketi hata kabla sijauona.